Ukwaju wa Kuondolea Ukoko

Asubuhi ya Jumanne moja ya mwezi Juni, mwaka 1975, Rahabu alikuwa akisafisha birika. Maji ya kisima cha Kijiji cha Umoja yalikuwa na chumvi na magadi, na birika hilo, lililonunuliwa Shelui miezi minane nyuma likiwa la vikombe sita, sasa lilikuwa na nafasi ya vikombe viwili tu. Ndani lilikuwa limeota ukoko mweupe, mgumu, uliokataa kisu na kukataa mchanga. Rahabu akatia humo konzi moja ya ukwaju, akamimina maji, akaliweka motoni. Birika likaanza kuchachatika lenyewe kabla maji hayajachemka, na ukoko ukabanduka vipande vipande kama ganda la yai.

Leonidas, mumewe, alikuwa amekaa karibu na jiko akisubiri uji. Ndipo mama yake, Martha, akaita kutoka ndani.

"Leonidas. Njoo unitazame vidole, havikunjiki."

Leonidas akaingia. Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, mguu mmoja ameunyoosha. Vidole viwili vya mwisho vya mguu ule vilikuwa vyeupe na vigumu. Leonidas akavigonga kwa ukucha, vikalia ko, ko. Akamwita mkewe. Rahabu akaja na birika mkononi, akatazama vidole, akatazama ndani ya birika, akaona ni kitu kimoja. Akamimina yale maji ya ukwaju yaliyobaki, vuguvugu, juu ya mguu wa mkwewe. Yakatoa povu. Ukoko ukabanduka, na chini yake vidole vilikuwa laini na vyekundu kama vya mtoto mchanga.

"Yanawasha," alisema Martha. Akavikunja vidole mara tatu kuvijaribu, kisha akauliza uji umefikia wapi.

Rahabu na ukwaju walikuwa wamejuana zamani. Jembe likishika kutu alililaza kwenye maji ya ukwaju usiku kucha, asubuhi anasugua kwa kibunzi na chuma kinarudi cheusi safi. Vikuku vya shaba alivyovaa siku ya harusi yake alivisugua kwa ukwaju kila Krismasi, na kila Krismasi viling'aa upya. Nyama ya beberu mzee, ile inayomshinda hata mbwa, aliilowesha kwa ukwaju mchana kutwa na jioni mtu asiye na meno akaila. Alipokuwa na mimba ya binti yake Dina, na chakula chochote kikimrudi, uji wa ukwaju ndio pekee uliokubali kukaa tumboni. Alijua pia ubaya wake. Alijua kwamba ukiwahi kuutia kwenye maharage kabla hayajaiva, utayapika mpaka Jumapili na yatabaki mawe. Na alijua kwamba ukwaju haupikwi kwenye sufuria za kisasa, zile nyepesi, kwa sababu unazila. Ukwaju unataka chungu. Birika lake lilikuwa na rangi ngumu ndani, ndiyo maana aliliamini.

Basi ukoko wa vidoleni haukumsumbua akili. Alifanya hesabu ya kifuko cha ukwaju kilichoning'inia juu ya jiko, akaona kinatosha kwa siku kumi. Hicho ndicho kilichomsumbua.

Ukwaju wenyewe ulitoka Mkwajuni, na Mkwajuni sasa palikuwa mahame. Ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, kupanda mlima, mahali ambapo ukoo wa Leonidas ulikaa tangu enzi ya babu wa babu yake. Mwaka uliotangulia, mwezi wa kumi, malori ya serikali yalikuja. Watu wakaambiwa wapakie vyombo, kuku na wazee. Paa za tembe zikabomolewa ili mtu asipate kishawishi cha kurudi. Jioni ileile wakashushwa kwenye mbuga tambarare kando ya barabara kuu, mahali peupe pasipo na mti, pamechorwa mistari kwa majivu. Kila nyumba ilipewa namba. Nyumba ya Leonidas ilikuwa namba kumi na tisa.

Wenyeji walipajua mahali pale, na hakuna aliyewahi kulala pale hata usiku mmoja. Tangu zamani palikuwa pa kulambishia ng'ombe chumvi. Mara mbili kwa mwaka wafugaji walishusha mifugo kutoka mlimani, ikalamba siku mbili, ikapandishwa. Siku ya tatu haikusubiriwa, kwa maana siku ya tatu ng'ombe aliyeendelea kulamba alianza kuharisha, na siku ya tano alilala.

Sasa, kwa nini kijiji kiliwekwa pale? Hili wengi waliulizana, na wakalaumu huyu na yule. Leonidas hakuuliza, kwa sababu alilijua jibu. Jibu lilikuwa yeye.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1973. Alikuwa pale mbugani na ng'ombe wake kumi na wanne, siku ya kwanza ya kulambisha. Likaja gari la serikali, akashuka bwana mmoja mwenye kofia na ramani, ambaye baadaye watu walimwita Bwana Mipango. Alikuwa mpole. Alisalimia vizuri, akauliza hali ya nyumbani. Akatazama ng'ombe waliokuwa wameinamisha vichwa vyao ardhini kwa raha yao, akauliza:

"Ng'ombe wanapapenda hapa?"

"Wanapapenda sana, bwana," alisema Leonidas. "Ukiwaleta hawataki kuondoka."

Hakusema uongo. Lakini lile lilikuwa neno la kwanza, na neno lilikuwa na mkia. Kwa ukoo wa Leonidas, na kwa koo zote za upande ule wa mlima, mgeni aliyesimama hupewa neno jema. Lenye miiba humsubiri akae. Mgeni akishakaa kwenye kigoda, akanawa, akala, ndipo unamwambia kwamba mvua imegoma, kwamba fulani amekufa, kwamba njia aliyojia si salama. Kumwambia mtu jambo baya angali amesimama ni sawa na kumfukuza. Leonidas alikuwa amekwisha kulichomoa blanketi lake begani ili alitandike, bwana apate pa kukalia, amwambie habari za siku ya tatu. Bwana Mipango akatazama saa, akaandika mstari mmoja kwenye daftari, akashukuru, akapanda gari. Hakukaa.

Ule mkia wa neno ulibaki kifuani mwa Leonidas. Ulikuwa humo siku malori yalipokuja, ulikuwa humo walipochimba kisima na maji yakatoka machungu, na asubuhi ile alipogonga vidole vya mama yake kwa ukucha aliusikia ukigeuka upande.

Ukoko ulirudi baada ya siku tatu. Safari hii ulishika vidole vyote kumi na kisigino. Rahabu akaosha. Ukarudi, ukafika vifundoni. Kufikia mwisho wa mwezi ilikuwa kazi ya kila asubuhi: kuni, chungu, ukwaju, karai, mama kutia miguu, povu. Ukoko uliobanduka ulitupwa nyuma ya nyumba, na kuku wakaudonoa, na mayai yao yakawa magumu ajabu.

Nyumba nyingine nazo zilianza kuwa na mambo yao. Bibi mmoja wa namba saba alishikwa magoti. Mzee mmoja alishikwa sikio, akawa anawasikia watu wa upande mmoja tu. Wanaume na wanawake wa kwenda shambani hawakupata shida kubwa, kwa sababu ukoko ukianza viungoni kwao uliatuka wenyewe wakilima. Asubuhi ungewasikia wakitoka na majembe, viungo vinaalika kama vijiti vinavyokanyagwa. Ukoko ulikaa kwa anayekaa. Huko Mkwajuni Martha alikuwa na pa kwenda: jiwe la kusagia, zizi, shamba la uwele, kaburi la mumewe. Hapa Umoja alikuwa na kitanda na mlango.

Dresa wa zahanati, kijana mtaratibu aitwaye Gaspari, alikuja na begi lake. Alikwangua kidogo, akauonja kwa ncha ya ulimi, akaandika kwenye daftari. Akaeleza kwamba ukwaju una tindikali, tindikali ya matunda, na kwamba tindikali na magadi zikikutana hugombana mpaka zote mbili zinakwisha, ndilo hilo povu.

"Basi tupe hiyo tindikali," alisema Rahabu.

"Haimo kwenye orodha ya dawa, mama Dina. Endelea na ukwaju."

Akaacha aspirini sita. Akajaza chupa ya maji ya kisima, akaipeleka Singida mjini yapimwe.

Leonidas akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Simeoni, kuomba kibali cha kuingia mahame. Bila kibali ungekutana na mgambo njiani, na mgambo walikuwa na amri. Simeoni alikuwa mtu wa Mkwajuni vilevile. Utotoni walichunga pamoja. Alikuwa amekaa nyuma ya meza ya mbao mbichi, mkono wa kulia ameuficha chini yake.

"Sababu ya safari?"

"Ukwaju. Mama ameshikwa mpaka magotini sasa."

Simeoni akautoa mkono. Vidole vitatu, vile vya kushikia kalamu, vilikuwa vyeupe. Alikuwa akipiga muhuri kwa mkono wa kushoto wiki nzima.

"Andika mwenyewe," alisema. "Madebe mawili. Na ukirudi, mama Dina anisaidie na mimi."

Leonidas alipanda mlima. Mkwaju ulikuwa umesimama katikati ya kuta zilizobomoka, umebeba sana mwaka ule, kana kwamba haujapata habari. Alijaza madebe mawili. Alipumzika kwenye kaburi la baba yake, akamwambia mambo yote yalivyo, na baba yake akajibu kutoka chini kwamba yeye hana shida ya maji huko aliko, ila awasalimie. Leonidas akafikisha salamu jioni.

Madebe mawili yangemtosha Martha miezi mitatu. Lakini kijiji ni kijiji. Jirani akija na mtoto wake wamembeba bibi mwenye goti gumu kwenye kanga, utamnyima? Rahabu hakumnyima mtu. Alikuwa akinung'unika, maana alikuwa na ulimi, alisema kwamba mtoaji haishi kuombwa na kwamba yeye si mkwaju. Huku anasema, mkono uko kwenye debe. Wiki ya tatu Leonidas akaomba kibali kingine, na wengine nao wakaomba, na kufikia Agosti matawi yote ya mkwaju ambayo mtu angeweza kuyafikia yalikuwa matupu.

Siku moja, akimsaidia Rahabu kuosha, Leonidas alimwambia mama yake. Miguu ilikuwa kwenye karai, povu linapanda taratibu.

"Mama, ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia yule bwana kwamba ng'ombe wanapapenda."

Martha akafikiri.

"Alikuwa amesimama au amekaa?"

"Amesimama."

"Sasa ungemwambia nini mwanangu? Mgeni amesimama." Akautoa mguu mmoja karaini, akautazama, akaurudisha. "Nilikufundisha mimi. Tena nilikuchapa ndipo ukashika."

Leonidas alitamani angelaumiwa. Lawama ina mwisho. Mtu analaumiwa, anaomba radhi, anatoa mbuzi, yanakwisha. Haya hayakuwa na pa kuishia. Akachukua karai, akaenda kumwaga nyuma ya nyumba, akakaa huko kitambo.

Septemba ikaja amri ya kuchoma matofali. Kila kijiji kilitakiwa kuwa na ofisi ya tofali za kuchoma na ghala. Mbugani hapakuwa na kuni, na karatasi ilisema kuni zitoke kwenye mahame, miti mikubwa kwanza, ili watu wasiendelee kuwa na sababu za kurudi. Makundi yakapangwa. Kundi la pili lilikuwa la Mkwajuni, watu kumi na mmoja, jina la nne Leonidas.

Alikwenda kwa Simeoni.

"Ule mti ndio dawa yenyewe. Vidole vyako hivyo vinakunjika kwa sababu ya ule mti."

Simeoni akavikunja vidole vyake polepole, akavitazama.

"Najua," alisema. "Nimeandika kuuliza. Nimeandika mara mbili, na vidole hivihivi. Jibu limesema miti mikubwa kwanza."

"Nisipokwenda?"

"Watakwenda kumi. Na wewe utapelekwa kwenye kituo cha polisi ukaeleze, na mama Dina atabaki na mama yako peke yake." Akafungua droo, akaifunga. "Leonidas, la kuvunda halina ubani."

Ijumaa alfajiri Leonidas alikwenda na wenzake. Shoka lake lilikuwa safi kuliko mashoka yote kumi na moja, kwa sababu Rahabu alikuwa amelilaza kwenye ukwaju Jumatano, kama alivyofanya kila mwezi. Mti ulichukua siku nzima. Mbao ya mkwaju ni ngumu, na ndani, kwenye moyo, ni nyeusi. Kila pigo lilitoa harufu ya uchachu, na wanaume wote kumi na mmoja meno yaliwafa ganzi wakashindwa kula muhogo waliobeba. Leonidas aliona uchungu, na zaidi ya uchungu aliona haya. Mti ulipoanguka akapanda juu ya matawi yaliyokuwa hayafikiki, akachuma ukwaju uliosalia huko, ukajaa nusu debe. Wenzake wakamwachia wote.

Matofali yaliiva vizuri. Ofisi ikasimama, nyekundu, inaonekana kutoka barabarani.

Nusu debe ile ilimfikisha Martha mwisho wa Oktoba. Baada ya hapo Rahabu alijaribu kila kichachu alichokijua. Maziwa mgando yalilainisha tu. Ubuyu uliwafaa watoto, ambao ukoko wao ulikuwa mwembamba kama utando wa maziwa, lakini kwa mtu mzima ulikuwa dhaifu. Malimao yalifaa sana. Limao moja, kidole kimoja. Lakini malimao yalipatikana Shelui tu, pale malori yanaposimama, kwa madereva waliotoka mbali, na siku nyingine dereva alikuwa nayo matano na siku nyingine alikuwa na hadithi. Rahabu alipanda kokwa za ukwaju nyuma ya nyumba, themanini na mbili, akizimwagilia maji ya kunawia aliyoyachuja kwa majivu, kisha akaona majivu yanaongeza ubaya akaacha. Ziliota zote. Zilifika urefu wa kidole, zikawa nyeupe, zikasimama hivyo.

Mvua ilipokuja watu walikinga maji ya paa, wakanywa matamu, na ukoko haukuongezeka kwa mtu yeyote. Haukupungua pia. Kama ungekuwa chumvi tupu mvua ingeuosha, lakini ulikuwa ukoko wa birika, na ukoko wa birika hauogopi maji. Mvua yenyewe mwaka ule ilikuwa ya kubahatisha. Februari mitungi ilikwisha, wakarudi kisimani.

Kwa Martha ukoko ulipanda kwa mpango. Mapaja, kiuno, tumbo. Hakuumwa. Alisema ni baridi tu, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu azae mtoto wa sita mgongo haumsumbui. Aliomba aketishwe nje, kwenye kigoda, penye ukuta wa upande wa mlima. Wakamkalisha hapo kabla mgongo haujakakamaa, wakamgeuza aone Mkwajuni, ambako kwa mbali palionekana pengo mahali mti ulipokuwa. Dina, mjukuu wake, alimpelekea uji kila siku, akimlisha kwa kijiko baada ya mikono kushikwa.

Siku ya mwisho ya kuongea ilikuwa Jumapili. Watu walikuwa wanatoka kanisani. Ukoko ulikuwa umefika kidevuni. Rahabu alikuwa amepata limao moja Shelui, akaliminya lote midomoni kwa mkwewe ili ipate kufunguka.

"Lingehifadhiwa kwa ajili ya mtoto," alisema Martha.

"Kunywa, mama," alisema Leonidas.

"Mimi nataka uji wa ukwaju. Wa chungu, si wa sufuria. Lakini kama haupo si neno."

Haukuwepo. Leonidas alipiga magoti pale, mikono mitupu, akautazama mdomo wa mama yake ukifunga. Angeweza kubeba gunia la mtama kilomita ishirini, angeweza kumvuta ng'ombe kutoka kisimani kwa kamba. Hapakuwa na kitu cha kubeba wala cha kuvuta. Alilia, na machozi yake, maana naye alikuwa mnywaji wa kisima kile, yalikauka meupe mashavuni.

Watu wakaja kwa ajili ya msiba, lakini Gaspari dresa akaweka sikio kwenye kifua cha Martha, akasikiliza muda mrefu, akasema hawezi kuandika kifo. Ndani, mbali, kuna kitu kinachemka polepole, kama birika. Mtu anayechemka hazikwi. Mchungaji naye akasikiliza, akakubaliana naye. Basi waombolezaji wakala, wakarudi makwao, na Martha akabaki ukutani.

Ng'ombe walianza kuja wiki iliyofuata. Alianza mmoja wa Simeoni, akanusa bega, akalamba. Kesho yake wakaja wanne. Ulimi wa ng'ombe una ukwaruzo, na mwisho wa mwezi bega la kulia la Martha lilikuwa limepungua, limekuwa mviringo, limeng'aa. Rahabu aliweka miiba, ng'ombe wakaisogeza. Leonidas akatengeneza fimbo ndefu, ikawa ndiyo kazi yake asubuhi na jioni. Mchana alipokuwa shambani Dina ndiye aliyesaidia, lakini Dina alikuwa na miaka sita, na ng'ombe wanajua umri wa mtu.

Jibu la maji nalo lilirudi, na chupa yake ikiwa imejaa ukoko mpaka shingoni. Karatasi ilisema maji yanafaa kwa mifugo.

Julai ya mwaka 1976 gari la serikali likasimama mbele ya nyumba namba kumi na tisa. Akashuka Bwana Mipango. Alikuwa ameongezeka mwili na mvi kidogo, na bado alikuwa mpole. Alikuwa akipita vijiji vyote alivyovichagua, kuona maendeleo.

Leonidas alitoa kigoda. Safari hii Bwana Mipango alikaa. Alinawa. Rahabu alimchinjia jogoo, akasonga ugali wa mtama, akaweka mlenda kando, na mgeni akala vizuri, akasifu. Alipomaliza kunawa mara ya pili, Leonidas, ambaye alikuwa hajala kitu, akaketi mbele yake na kuutoa ule mkia wa neno. Ulikuwa umekaa ndani karibu miaka mitatu na haukupungua hata silabi. Alisema ng'ombe wanapapenda siku mbili. Alisema ya siku ya tatu na ya siku ya tano. Alisema hapa hajawahi kulala mtu tangu dunia iumbwe. Alisema ya kisima, ya mkwaju, akanyoosha mkono kumwonyesha mama yake.

Bwana Mipango akasikiliza yote bila kumkatiza. Akainuka kidogo, akamwelekea Martha, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema. Akasubiri kwa adabu muda ambao jibu lingechukua, kisha akaketi tena.

"Hayo ungeniambia siku ile."

"Siku ile ulikuwa umesimama, bwana."

Bwana Mipango akatikisa kichwa polepole kukubali.

"Kweli. Hata kwetu ni hivyo." Akafungua daftari, akaandika yote, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Halafu akaeleza, kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake habari za mgonjwa, kwamba haya atayapeleka, lakini maelezo ya kwanza ndiyo yaliyopigwa muhuri, na juu ya muhuri ule kimekwisha jengwa kijiji, na kisima, na ofisi ya matofali ambayo wageni wanaipiga picha kutoka barabarani. Kijiji hakihami mara mbili. Alisikitika. Alisikitika kweli, macho yake yalionyesha, na hilo halikumsaidia Leonidas chochote.

"Asante kwa chakula, mama Dina," alisema, akasimama.

Wakamsindikiza mpaka kwenye gari. Mkono ukiwa mlangoni akakumbuka jambo, akatoa fomu mpya kwenye mkoba. Fomu ilikuwa na maswali yake, na moja lilihusu mifugo. Akatazama nyuma. Ng'ombe saba walikuwa wamefika na kujipanga ukutani, kimya, vichwa vimeinama, wanalamba kwa raha yao.

"Na ng'ombe," aliuliza, kalamu tayari. "Bado wanapapenda hapa?"

Leonidas akamtazama. Mgeni alikuwa amesimama. Rahabu akageuka upande, akashika kichwa cha Dina.

"Wanapapenda sana, bwana," alisema Leonidas. "Hawataki kuondoka."

Bwana Mipango akaandika, akashukuru, akapanda gari. Vumbi lilipotulia, Leonidas akaokota fimbo yake, akaenda kuwatoa ng'ombe begani kwa mama yake.